Theluji ya Meru: Mwongozo kwa Mtu wa Kikwe

Umekulia Kikwe. Kukipambazuka kweupe unaiona Kibo huku na Meru kule, kwa hiyo unajihesabu mtaalamu wa theluji. Karibu, mwongozo huu ni wako.

Kwanza, kosea msimu. Ulaya wanaotembea kwenye theluji hungoja majira ya baridi, nawe utangoja Julai, mwezi ambao hata mbuzi wa jirani anatetemeka. Julai yetu ni baridi kavu: utaganda barabara, theluji usiione. Meru haina barafu ya kudumu. Huvaa nyeupe mvua zinapokolea, kati ya Machi na Mei au mnamo Novemba, na mara nyingi iliyoanguka usiku jua huimaliza kabla ya adhuhuri. Yaani anayeitaka theluji apande pale ambapo waongozaji wenye akili wako shambani wanapalilia.

Vifaa utavipata Tengeru siku ya soko, kwenye mitumba. Tafuta koti la mtelezaji wa Uswisi ambalo tiketi ya lifti bado inaning'inia kwenye zipu. Usiibandue, itakupa heshima getini. Vile viatu vipana kama nyungo, ambavyo Wakanada huvifunga miguuni wasizame, huvipati. Inasikitisha, maana vingefaa sana kwenye majivu! Volkano hii ilitoa moshi na majivu mara ya mwisho mwaka 1910, na huko juu bado unapanda hatua moja na kuteleza nusu.

Njia ni Usa River, geti la Ngongongare, halafu Momella. Hapo utakabidhiwa askari mwenye bunduki. Usivimbe kichwa, hakuletwa kwa ajili ya cheo chako. Wenzetu wa Alps huogopa maporomoko ya theluji. Sisi tuna nyati. Askari akisema simama, simama, na simu ibaki mfukoni.

Miriakamba, mita 2,514, utakula vizuri na kuwasimulia wageni habari za mlima wenu. Wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, watakusikiliza kwa adabu. Kesho yake watakupita na mizigo kichwani, na ukifika Saddle, mita 3,570, hutakuwa na la kusimulia. Hapa niweke mzaha pembeni: kichwa kikizidi kuuma, ukitapika au ukiyumba, shuka. Kumeza dawa ya maumivu ili uendelee kupanda ndiko kunakoua watu.

Utaamshwa kama saa saba usiku. Theluji iliyolala juu ya mwamba huwa imeshageuka barafu, na ukingo wa kreta baada ya Rhino Point hauna huruma na raba za mtumba. Kilele ni mita 4,566. Piga picha upesi kabla jua halijafuta ushahidi.

Maana ushahidi utadaiwa. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alisema ameona theluji Kilimanjaro, na huko London William Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, akambishia kwa miaka mingi. Kikwe nako tuna akina Cooley, wamekaa kwenye benchi la kahawa. Ukiwaonyesha picha watasema ni ukungu. Ukiwaletea theluji kwenye chupa, mzee mmoja ataionja taratibu, atafuta midomo, na kukuuliza umeyachota Mto Usa sehemu gani.