Namba ya Mashini ya Mama wa Furu

Jumatatu. Mvua imeanza alfajiri, na matope yamefika hadi kizingiti cha karakana. Mama mmoja wa mtaa wa Furu, hapa Butembo, ameleta mashini ya kushona, Singer nyeusi, imefungwa kwenye kitenge. Anasema baba yake aliinunua mpya mwaka 1958 na anataka kujua kama ni kweli. Nimepangusa namba iliyo kwenye kitako, kuume. Kwa sisi mafundi herufi ya mbele ndiyo asili ya mashini: F na Y zinatoka Clydebank, Uskoti, G inatoka Elizabeth, Marekani, C inatoka Wittenberge, mji wa Ujerumani ulio kando ya mto Elbe. Nimesoma G. Nikamwambia mama kwamba mashini yake ni ya Marekani, naye ameenda nyumbani akiwa na furaha.

Jumanne. Umeme umekatika saa nne. Kaneti ya uzi wa chini imenidondoka, ikapenya kati ya mbao za sakafu. Nimeng'oa mbao mbili na kuipata jioni, chini ya ganda la mhindi.

Jumatano. Gurudumu si la mashini hii. Limetoka kwenye Butterfly ya Shanghai, ambayo ilifuata umbo la Singer ya namba 15, ndiyo maana vyuma vyao vinaingiliana. Ukihesabu umri kwa kutazama gurudumu utakosea miaka mingi. Nimekaza skurubu yake kwa nguvu kupita kiasi, ikakatika kichwa. Siku nzima imeishia kwenye skurubu moja.

Alhamisi. Nilitoka kununua mafuta. Niliporudi nimemkuta mwanafunzi wangu na msasa mkononi, anakwangua kitako ili apake rangi mpya. Alikuwa amebakiza upana wa kidole afike kwenye namba. Nilipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Kijana alitaka mashini ipendeze, wala simlaumu. Lakini namba ikifutwa hairudi, na mashini inabaki chuma tu.

Ijumaa. Jua limetoka. Nimeilaza mashini kando na kusugua sehemu ya chini kwa mswaki na mafuta ya taa. Pale kwenye bawaba kuna ufa uliochomelewa kwa shaba. Mshono wake umetulia, mtu aliyeufanya hakuwa na haraka. Kando yake amekwaruza kwa msumari maneno mawili: Butembo, Zaïre. Mwaka hakuandika, lakini nchi yetu ilibeba jina hilo kuanzia Oktoba 1971 hadi Mei 1997, kwa hiyo kazi yake naweza kuipa umri. Nimekaa muda mrefu nikitazama mkono wa fundi nisiyemjua.

Halafu nikairudia namba kwenye mwanga wa mlango. Kile nilichodhani ni mkia wa G kilikuwa uchafu uliokauka. Ni C.

Kiwanda cha Wittenberge kilianza kazi mwaka 1904. Baada ya vita, mwaka 1945, Warusi walibeba mitambo yake, na Singer haikutengeneza tena hapo. Mashini hii basi haiwezi kuwa ya baada ya 1945. Ilikuwa imekwisha kutumika kabla baba wa mama hajailipia.

Jumamosi. Nimemwambia mama ukweli wote, kwanza kosa langu, kisha la 1958. Nilihofia atahuzunika kwamba baba aliuziwa mashini iliyotumika. Ameshika ule mshono wa shaba kwa kidole, akasema, "Basi papa hakudanganyika, bado inashona." Nimempa daftari dogo lenye namba, gurudumu la Shanghai, kazi ya enzi za Zaïre na skurubu yangu mpya, pamoja na tarehe ya leo.

Nanyi mlio na mashini za wazee nyumbani, andikeni namba kwenye karatasi kabla hamjampelekea mtu yeyote mwenye msasa.