Shemeji Amekata Wanga

Tangu shemeji yangu akate wanga, kilichokonda ni pochi yangu. Zamani akija kwetu Kirumba alikuwa mtu wa matonge makubwa na kipande cha samaki. Siku hizi ugali anausukuma kando, anamaliza sato wawili peke yake, kisha anauliza parachichi liko wapi. Sato kwa bei ya sasa, jamani! Nikinuna, nahubiriwa: mwili ukinyimwa wanga unajifunza kuchoma mafuta, na mafuta hayaishi, kwa hiyo yeye anaweza kukimbia hadi Magu.

Kwamba mafuta hayaishi, sawa. Hata mkimbiaji mkondefu ana akiba ya siku nyingi, ilhali wanga uliowekwa kwenye misuli na ini ni kama nusu kilo tu. Ila ili yatoe nguvu ileile, mafuta yanadai oksijeni nyingi kuliko wanga. Ukijikongoja kwenye tambarare, deni hilo hulisikii. Sasa njoo Jumamosi alfajiri kundi letu la jogging likipanda kilima cha Capri Point. Kila mtu anahema, na shemeji anahitaji hewa ya ziada. Aitoe wapi? Anashika kiuno, anageukia ziwa, anasema anaangalia mandhari. Wakati huo kijana mbeba magunia ya dagaa pale Mwaloni, aliyeamkia matobolwa na chai ya sukari, ameshafika juu na anapiga soga.

Nilimtafutia ushahidi. Mwaka 2017 Louise Burke na wenzake wa Australia walichapisha jaribio la wanariadha wa kutembea kwa kasi. Walionyimwa wanga walichoma mafuta vizuri ajabu, lakini kwenye kilomita 10 hawakupiga hatua. Walioula ndio walioongeza kasi. Na Wakalenjin wa Kenya, wale wanaotutimulia vumbi kila mwaka? Uchunguzi wa 2004 uliwakuta wakipata takriban robo tatu ya nguvu zao kwenye wanga, ugali ukiongoza. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama sato wamebaki.

Angekuwa amekatazwa na daktari, ningenyamaza. Huyu amekatazwa na kundi la WhatsApp.

Viongozi wa jogging wa Mwanza, nawaomba: waliokata wanga wapangieni kundi la kutembea. Huko mafuta yanatosha kabisa.