Viporo vya Nyumbani

Kwenye ligi yetu ya soka, timu ikibanwa na mashindano ya Afrika mechi zake za nyumbani hulimbikizana viporo, na mashabiki wa upande wa pili hupiga kelele mpaka ratiba ipangwe. Kwetu hakuna mashabiki wala bodi ya ligi. Niko mimi, yuko baba watoto, na liko boya la tanki la maji lililoharibika tangu kitinda mimba wetu hajaanza shule.

Watu hudhani kazi za nyumbani hulala kwa uvivu. Za kwetu zililala kwa adabu. Mimi nilimwachia mwenzangu mambo ya paa na mabomba, asije akaona namvua uanaume wake. Yeye akaniachia makaratasi, eti nina mwandiko mzuri. Basi tanki likifurika alfajiri, tunasikiliza maji yakichuruzika ukutani, kila mmoja kafumba macho na kukoroma kwa bidii.

Mwisho wa mwaka 2024 tukaapa: Jumamosi hii hatutoki, hata sendofu hatuendi. Mchango tumeshatuma, inatosha.

Boya lilimalizika upesi mno, mpaka ikawa aibu. Fundi aliyesema "niko njiani" tangu saa moja akafika saa nne, akapanda, akashuka, akadai hela yake. Boya lenyewe halifikii bei ya kuku wa kienyeji.

Tukamwaga droo mezani. Risiti za mashine zilikuwa zimefutika wino, nyeupe pe. Ile ya friji, ambayo baba watoto aliifunga kwenye nailoni kwa ajili ya garantii, aliigeuza huku na huku, akaisogeza dirishani, akaapa kwamba anaiona herufi F. Chini yake tukakuta nakala ya fomu ya mafao yake aliyoijaza kabla hatujaoana. Mrithi: kaka yake. Tukaona ni ustaarabu kumpigia shemeji na kumwarifu kwamba anaondolewa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani zilikuwa shilingi ngapi?"

Kufikia hapo vichwa vilishavimba. Tukasema tumalizie na mpangaji wa banda la uani, ambaye kwa kulipa pango nusunusu alikuwa anadaiwa 40,000. Baba watoto akavua msuli, akavaa suruali. Kudai deni na msuli hakuna heshima.

Kijana ni mpole, anauza makava ya simu. "Shikamoo mzee, shikamoo mama." Akatupa viti, akaingia ndani, akatoka na daftari la shule. "Wazee wangu, hata mimi nilikuwa nawatafuta."

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia Julai 2023 shilingi 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Lakini mita haimjui mwenye nyumba, inamjua anayenunua umeme. Kwenye mita zaidi ya moja, mwenye nyumba ndiye anayetakiwa kwenda kutoa taarifa, ibaki moja ya kukatwa. Taarifa yetu ilikuwa kiporo. Kiporo cha nani? Baba watoto akanigeukia. Akakuta mimi nimeshamkodolea macho kitambo.

Daftari lilipigwa mistari kwa rula. Januari 2022, mwezi aliohamia: 1,000. Februari: 1,000. Yakashuka hivyo ukurasa mzima, na pale ilipopanda kuwa 1,500 kijana alichora nyota kwa kalamu nyekundu. Mwisho kabisa, juu ya mistari miwili: 45,000. Baba watoto akajumlisha kwenye simu. Akajumlisha tena, safari hii kwa sauti, akitarajia kuokota kosa njiani. Hakuokota. Na mita ya nyumba kubwa nayo ilikuwa inakatwa muda wote huo, kwa hiyo serikali kwetu ilikuwa inakula sahani mbili.

"Tukitoa 40,000 mnazonidai," kijana akasema, macho chini kwa heshima, "inabaki 5,000. Msihangaike, nitumieni tu kwenye simu."

Baba watoto akapapasa mifuko ya suruali. Mimi nikatazama kanga yangu.

"Na ya kutolea, mama."