Njia ina wenyewe

Jijini Hanoi, njia ya waenda kwa miguu ipo, ila ina wenyewe: pikipiki zimeegeshwa, mama lishe kainjika supu ya pho, na wateja wamejikunyata juu ya vigoda vya plastiki, magoti yakigusa kidevu. Wewe mwenda kwa miguu, karibu barabarani.

Kuvuka nako kuna adabu zake. Shuka, tembea polepole, usikimbie wala usirudi nyuma. Pikipiki zitakukwepa zenyewe, kushoto na kulia. Mimi, mstaarabu, nilisimama kwenye pundamilia nikingoja kupishwa. Bibi mmoja aliyejitwika mzega wa mananasi alinitazama, akavuka, akauza, akarudi. Akanikuta palepale, na ustaarabu wangu.