Kaiti Imelala Sebuleni

Ninaishi Ilomba, Mbeya, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na bado kazi ya kuondoa chumvi ya Bahari ya Hindi imeniangukia mimi. Wa kulaumiwa ni dada yangu. Ndiye aliyemzaa huyu mpwa anayefundisha watalii kuteleza juu ya maji kwa tiara kule Paje, Unguja. Vijana wa huko wanaiita kaiti.

Kazi yake inafuata upepo. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, ana hela na hapokei simu. Kusi ikivuma, Juni hadi Septemba, vilevile. Hapo katikati upepo unalegea, masika inashuka, watalii wanarudi kwao, naye anakuja kwa mjomba na begi la kaiti ambalo konda alilitoza nauli ya mtoto.

Zamani vitu hivyo vilikuwa vinatunzwa Iringa kwa shemeji yangu, pale Kihesa. Mji wenye upepo, kitu kinakauka ukigeuza shingo. Ila shemeji aliweka begi stoo, juu ya magunia ya mahindi, na panya walipochoka mahindi wakaonja nailoni. Kikao cha ukoo kikaamua kwamba kwangu ndiko salama. Mimi sikualikwa.

Sasa sikia masharti. Kaiti ioshwe kwa maji matupu, maana chumvi ikikauka inabaki punje zinazosugua kitambaa na kukwamisha zipu. Mama watoto akatokea na sabuni ya unga na brashi ya kufulia jinzi. "Anti, hapana!" kijana akaruka. Sabuni inaharibu utando unaokinga kitambaa na maji. Basi yakamwagwa madumu kwa madumu, maji ya mgao tuliyoyakinga usiku wa manane, na mwenye nyumba nikaoga kwa kopo.

Kisha ikaushwe kivulini, kwa sababu jua linakula kitambaa. Jua lipi, mjomba? Aprili hii wingu limekalia mlima Loleza tangu alfajiri! Sare za watoto tunazikaushia kwenye jiko la mkaa, lakini kaiti hairuhusiwi hata kunusa jiko, maana ndani ina mirija ya plastiki laini ya kujazwa upepo. Kuikunja mbichi nako marufuku, itaota ukungu. Ikatandazwa sebuleni, mita 12 za mraba. Inaanzia kwenye televisheni, inapanda kochi, inashuka, ncha yake inachungulia chumbani kwangu. Taarifa ya habari siku zile tuliisikia tu.

Walioibuni hii ya kujazwa upepo ni ndugu wawili Wafaransa wa Brittany, Bruno na Dominique Legaignoux, waliosajili hataza yao mwaka 1984. Sina ugomvi nao. Ila mtu akibuni kitu cha kulowa, afikirie na watakaokianika.

Halafu mrija ukavuja. Tukaupeleka Mwanjelwa kwa fundi baiskeli, mzee asiyeshangaa kitu. Akaujaza upepo, akauzamisha kwenye karai kipande kwa kipande huku akiuzungusha taratibu, mpaka vipovu vidogo vikapanda kwa mstari karibu na vali. Akachora duara kwa kalamu, akafuta maji kwa kanga ya mkewe, akanyoosha mkono kuchukua msasa na gundi. Mpwa akaudaka ule mkono. Gundi ya tyubu ni ya raba, na hii si raba, kiraka kitabanduka kikikutana na mawimbi. Akatoa kiraka chake mwenyewe cha kubandika, akasafisha pale kwa spiriti, akasubiri pakauke, akagandamiza kwa kidole gumba. Fundi alitazama yote hayo, kisha akadai hela ya karai. Nikalipa mimi. Nyumbani mrija ukapakwa poda ili uteleze ndani ya mfuko wake bila kujisokota, na poda yenyewe ni ya mjukuu wangu.

Zikafuata kamba. Ziko nne, kila moja ina mita zaidi ya 20, na lazima zilingane urefu, la sivyo kaiti inavuta upande. Za mbele hubeba mzigo mkubwa, kwa hiyo ndizo hurefuka. Akazivuta zote kutoka kwenye mparachichi hadi nguzo ya geti ili azipime, akaingia ndani kunywa chai. Alipotoka akakuta mpangaji wetu keshaanika mablanketi mawili na pazia.

"Kamba nzuri hizi," mama wa watu akasema. "Hazina kutu. Umezinunua duka gani?"

Mpwa akamtajia bei. Yule mama akashusha mablanketi moja moja, kimyakimya, akamalizia na pazia.

Nimemuuliza kwa nini asihamie Matema, pale Kyela. Ziwa Nyasa lina maji yasiyo na chumvi na mchanga upo, kazi ya kuosha ingepungua nusu. Akanijibu kwamba wateja wako Paje, na hapo kwa kweli sikuwa na hoja.

Amerudi huko na begi lake, kusi imeanza. Juzi amepiga simu, sauti imejaa furaha: kapata kaiti ya pili ya mtumba, ya mita 9, mtalii kaiuza kwa bei ya kutupa. Masika ijayo atakuja nazo zote mbili. Nimemwambia karibu sana, aje na bando mbili za mabati.