Anayenunulika ni Mwenzangu

Daktari hanunuliki, muulizeni mwenyewe. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2001, madaktari waliokuwa mafunzoni waliulizwa kuhusu zawadi na milo ya kampuni za dawa. Asilimia 61 walisema: mimi hainibadilishi kitu. Na wenzako je? Hapo waliowatetea wenzao walikuwa asilimia 16 tu.

Utafiti wa 2016 nao ukakuta hata mlo mmoja wa chini ya dola 20 ukiendana na kuandikwa zaidi dawa ya aliyeulipia. Dola 20! Jamani, miaka yote ile ya kusoma, bei ndiyo hiyo?

Sheria ya Marekani ya 2010 inazilazimisha kampuni kutangaza malipo hayo, mgonjwa ajisomee. Ajisomee saa ngapi, kalala bila shati, kaambiwa avute pumzi?