Jinsi ya Kuogopa Kazi Mpya kwa Ustadi

Usiku wa kuamkia kazi mpya, ogopa. Usilazimishe usingizi, utachoka bure. Tundika sare ukutani, ipige pasi kola mara ya pili kama mikono inatafuta shughuli, tenga nauli ya kwenda na ya kurudi. Halafu jilaze uisikilize bahari. Kama umepanga chumba Ukunda mjini, bahari huisikii, zisikilize bodaboda. Hofu uliyonayo ni ya mtu anayeitaka kazi yake, na mtu huyo ndiye ambaye mwajiri anamtafuta.

Hapa Galu, pwani ya Kwale, tunapaswa kuwa mabingwa wa hofu hii. Riziki ya wengi inatoka kwenye hoteli, nyumba za wageni na michezo ya baharini, na shughuli hizo zinakwenda kwa msimu. Masika yakishuka Aprili na Mei, hoteli nyingine hufunga, watu wanarudi makwao. Julai wageni wanarejea, na wafanyakazi wapya wanaitwa kwa mkupuo. Mtu mmoja huweza kuwa mgeni kazini mara nne, tano maishani mwake, na kila mara tumbo linamkoroga upya. Na tangu kampuni ya madini ya Base Titanium isimamishe uchimbaji hapa Kwale Desemba 2024, wapo pia watu wazima waliobobea kwenye mitambo ambao imewabidi waanze upya kwingine. Umri hauikingi hofu hii.

Kabla hujaripoti, ukipata nafasi, nenda kwenye msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo, ni jirani tu. Ni mojawapo ya kaya za Mijikenda zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Msitu ule una miiko mingi kuliko hoteli yoyote. Lakini tazama mgeni anavyopokewa: anafungwa kaniki kiunoni, anaambiwa asiokote kitu, hata jani, halafu ndipo anaingizwa ndani. Hakuna mzee wa Kidigo anayetarajia mgeni aijue miiko kabla hajaambiwa. Kazini nako miiko ipo, ila mara nyingi hakuna anayekungoja mlangoni na kaniki. Itabidi uiombe.

Iombe mapema. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi siku mbili zile ni mali yako, zitumie mpaka ziishe. Siku ya kwanza ukiuliza ufunguo wa stoo unakaa wapi, wewe ni mwanafunzi mzuri. Ukiuliza swali hilohilo mwezi wa tatu, watu watatazamana. Na usiyapeleke maswali yote kwa meneja. Mtafute aliyekaa pale miaka mingi: mama wa dobi, askari wa getini, mpishi wa zamu ya asubuhi. "Shikamoo mama. Mimi mgeni hapa, naomba unielekeze." Sijaona bado mama wa Pwani aliyeikataa salamu hiyo. Ataitikia marahaba, na kabla hujamaliza kujieleza atakuwa ameshakushikisha kitu mkononi.

Faida ya kuuliza mapema niliijua kwa uchungu. Nilipoanza kuhudumu mezani, katika hoteli moja ya ufuo huu, karatasi ya oda ilikuja na alama ambayo sikuwahi kuiona. Niliogopa kuonekana sijui, nikaitikia kwa kichwa, nikapeleka sahani. Alama ile ilikuwa na maana kwamba mgeni yule kamba wanamdhuru, na wali niliompelekea ulikuwa na kamba. Aliwaona kabla hajatia tonge mdomoni, tukanusurika sote. Mpishi hakunigombeza. Alinivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu, ungeniuliza ningekujibu kwa neno moja." Mpaka leo nikimwona kijana mpya anaitikia haraka mno, moyo wangu unashtuka.

Halafu kuna ile sauti ya saa nane usiku inayokwambia walikosea kukuajiri, siku yoyote watagundua. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika habari za wanawake waliofaulu sana masomoni na kazini huku wakiamini kwamba wamewahadaa watu. Vyeti havikuinyamazisha sauti hiyo, basi usingoje cheti kije kukutibu. Nunua daftari dogo. Kila jioni andika jambo moja ulilolifanya leo ambalo jana ulikuwa huliwezi, hata kama ni kutandika kitanda kwa dakika chache kuliko jana. Wiki tatu zikipita, lisome kwa sauti. Na kama hata hivyo chakula hakishuki na usingizi umegoma kwa majuma, nenda kituo cha afya ukaseme hivyohivyo, kama ambavyo ungesema una homa.

Isome pia barua yako ya ajira. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema kipindi cha majaribio kisizidi miezi 6. Kinaweza kuongezwa kwa ridhaa yako, lakini jumla isipite miezi 12. Mwajiri akitaka kuuvunja mkataba katika kipindi hicho, akupe notisi ya siku 7 au mshahara wa siku 7. Mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi. Anayejua haya haamki kila asubuhi akidhani sahani moja ikivunjika atalala nyumbani bila senti.

Nanyi mlio wenyeji kazini, Julai ikifika na nyuso mpya zikaingia getini, mchagueni mmoja wenu amzungushe mgeni siku ya kwanza. Amwonyeshe choo, amwambie chakula cha wafanyakazi ni saa ngapi, amsomee alama za oda moja baada ya nyingine. Ni kazi ya nusu saa.